Duisburg: mto, chuma na waliobeba mzigo

Haya ndio maneno niliyoongea Jumamosi iliyopita kwenye kikao cha vijana wetu waliokuja kusoma huku Ruhr, magharibi mwa Ujerumani. Wengi waliokuwa kazini hawakufika wakaniomba niyaandike, basi nimeandika kama nilivyosema, mawili matatu niliyoyasahau pale mbele ya watu nimeyaongeza.

Wazee wangu shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za tangu asubuhi. Vijana, karibuni sana Duisburg. Mimi siyo mwalimu wa historia, mimi ni mtu wa ghalani, naendesha foklifti kule Rheinhausen mwaka wa 17 sasa, ila mji huu nimeusoma kwa miguu na kwa kuwauliza wazee wake, na kuna jambo nataka mlibebe kabla hamjamaliza masomo mkaenda zenu. Mzigo unapita tu jamani, meli inakuja inaondoka, treni hivyo hivyo, cha kuuliza ni nani anaubeba na anabaki na nini mkononi ukishapita.

Tuanze na mto maana bila mto hapa pangekuwa shamba la ngano. Duisburg imekaa pale mto Ruhr unapomwaga maji yake kwenye mto Rhine. Zamani mji ulikuwa ukingoni kabisa mwa Rhine, wafanyabiashara wanashusha mali mlangoni, alafu kama miaka elfu moja iliyopita mto ukahama, ile kona yake ikakatika, maji yakajitafutia njia fupi upande wa magharibi na mji ukaachiwa mkono wa zamani unaojaa tope mwaka hadi mwaka. Wenzetu wa Rufiji watanielewa haraka, mto ukihama haukuagi. Biashara ikafifia na kwa mamia ya miaka Duisburg ikawa mji mdogo tu wa mafundi na wakulima.

Katika ukimya huo ndipo akahamia mtu mmoja ambaye kazi yake nyote mliiona ukutani mkiwa darasa la tatu. Gerhard Mercator alifika hapa 1552, akaishi mpaka alipofariki 1594, na mwaka 1569 akachapisha hapa hapa Duisburg ile ramani ya dunia ambayo baharia akipiga mstari mnyoofu anashika uelekeo mmoja wa dira bila kuupindisha. Kwa mtu wa chombo ilikuwa msaada mkubwa mno. Ila ili mistari inyooke ikabidi nchi za kaskazini zivutwe zitanuke, ndio maana tumekua tukiona Greenland inakaribia kulingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa mara 14. Agosti 2025 Umoja wa Afrika ukaunga mkono kampeni ya kuachana na ramani hiyo, na mimi naona ni haki. Mercator mwenyewe simlaumu, alichora kwa ajili ya usukani, wa kuulizwa ni waliochukua ramani ya usukani wakaitundika kwenye madarasa ya watoto. Kumbukumbu yake iko ndani ya kanisa la Salvator, pembeni ya jengo la manispaa, mkipita ingieni mkaione.

Sasa bandari. Wakati Duisburg imelala, kijiji jirani cha Ruhrort pale kwenye makutano ya mito kiliamka, wakaanza kujenga bandari 1716. Mwaka 1756 babu wa ukoo wa Haniel, upande wa mama, akajenga ghala pale, na makao makuu ya kampuni yao mpaka leo yapo Ruhrort, hatua chache kutoka majini. Mzigo ulikuwa makaa ya mawe. Kufika 1780 Ruhr ilikuwa imewekewa mageti ya kupandishia na kushushia vyombo, makaa yakawa yanashuka na mto kutoka migodi ya ndani mpaka Ruhrort, yanahamishiwa kwenye vyombo vikubwa vya Rhine, safari Uholanzi. Kwaiyo kabla ya chuma, kabla ya moshi, kazi ya hapa ilikuwa kuhamisha mzigo kutoka chombo kidogo kwenda chombo kikubwa, mgongoni, kwa sepetu, kwa toroli. Ndio kazi ninayoifanya mimi leo, tofauti ni kwamba mimi nimekaa kwenye kiti.

Alafu ikaja karne ya 19 mwishoni na hapo mambo yakaenda mbio kweli. August Thyssen alikuwa ameshanunua migodi huku kaskazini, Hamborn, na 1891 kiwanda chake cha chuma kikaanza kuzalisha pale Bruckhausen. Angalieni akili ya yule mzee. Makaa yako chini ya miguu yake, madini ya chuma yanakuja kwa maji, na chuma kikishakuwa tayari kinaondoka kwa maji yale yale. Wenzake waliojenga mbali na Rhine walilipa treni kwa kila tani, yeye mto ulimbebea. Krupp, tajiri mwingine wa chuma, naye akaliona hilo, 1897 akavuka upande wa pili akaanzisha kiwanda chake Rheinhausen. Hamborn ilijaa watu kiasi kwamba ilipopewa hadhi ya mji mwaka 1911 ilikuwa na zaidi ya watu 100,000, kabla ya hapo kisheria kilikuwa bado kijiji! Walitoka mashambani ya jirani, wengi sana walitoka upande wa Poland, ndio maana ukisoma majina kwenye vitufe vya kengele milangoni utayakuta majina ya kipolandi kila ngazi na wenyewe ni wajerumani wa kizazi cha nne, cha tano.

Tanuru lenyewe niwaeleze maana wengi mnaliona kwa mbali tu mkiwa kwenye treni. Ni mnara. Juu wanamwaga tabaka la kok, yaani makaa yaliyookwa kwanza mpaka uchafu wake ukatoka, alafu tabaka la madini, alafu kok tena, na chini wanapuliza hewa ya moto. Madini yanayeyuka yanashuka taratibu, kila baada ya muda wanatoboa tundu lililozibwa kwa udongo na chuma kinatiririka kama uji, mwekundu wa kuumiza macho, joto lake kama nyuzi 1,500. Na tanuru likishawashwa siyo la kuzima jioni ukawasha asubuhi, linawaka miaka, Krismasi linawaka, Idi linawaka, maana likipoa chuma kinagandia ndani na ndio mwisho wake. Kwaiyo mji mzima uliishi kwa shifti tatu. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mzee wa kituruki aliyefanya kazi matanuruni miaka 31, ananiambia watoto wake walijifunza kucheza kwa kunong'ona maana baba analala mchana, na mke wake alikuwa hawezi kuanika nguo mpaka afungue dirisha aangalie kwanza upepo unatokea wapi, ukitokea kiwandani shuka jeupe unaliondoa kwenye kamba lina madoadoa ya kahawia. Yule mama mpaka leo, kiwanda kimewekewa vichujio na hewa imekuwa afadhali sana, bado anafungua dirisha anaangalia upepo kabla ya kuanika.

Ardhi nayo ilibebeshwa. Ukichimba makaa chini, juu panashuka, na Ruhr nzima imeshuka, sehemu nyingine kwa mita nyingi. Mto Emscher unaopita kaskazini ya mji uligeuzwa mfereji wa wazi wa maji machafu kwa zaidi ya miaka mia, kwa sababu mabomba ya majitaka yakizikwa kwenye ardhi inayoshuka yanapasuka. Mpaka migodi ilipoondoka ndio wakaweza kuzika mabomba, kazi ikaanza miaka ya 90 na kuisha mwisho wa 2021, ikala zaidi ya euro bilioni 5, sasa Emscher ni maji masafi kuna watu wanapita na baiskeli pembeni na watoto. Na kuna hili lingine ambalo nilipoambiwa mara ya kwanza sikuamini. Rhine ilikuwa inachimba sakafu yake, kina cha maji kinazidi kushuka na bandari ya Ruhrort ikawa inabaki juu, meli zinakwama, basi miaka ya 50 na 60 wakachimba makaa chini ya bandari kwa makusudi na kwa vipimo, bandari nzima na magati yake ikashuka karibu mita 2 huku kazi zinaendelea kama kawaida, na makaa wakauza. Kwangu mimi hiyo ni hesabu nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa mji huu.

Kuna sehemu ya historia siwezi kuiruka hata kama inachafua hewa ya kikao. Wakati wa Hitler viwanda hivi vilitengeneza chuma cha vita, na walioingizwa matanuruni na migodini wakati wajerumani wako vitani ni mateka na watu waliokamatwa nchi za watu, Poland, Umoja wa Kisovieti, Ufaransa, Uholanzi, wakafanyishwa kazi kwa nguvu na wengi wakafa. Fritz Thyssen, mtoto wa August, alimchangia Hitler fedha mapema kabisa, baadae wakakosana akakimbia nchi 1939. Alafu moto ukarudi hapa hapa, tarehe 14 na 15 Oktoba 1944 ndani ya siku moja ndege za Uingereza zilikuja mara mbili, kila mara zaidi ya 1,000. Mkijiuliza kwanini katikati ya mji hamna majengo ya zamani kama ya miji mingine, jibu ni hilo.

Baada ya vita chuma kikatakiwa kila mahali na watu hawakutosha. Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani ikasaini mkataba na Uturuki wa kuleta wafanyakazi, wakaitwa wafanyakazi wageni, wafanye miaka miwili mitatu warudi kwao. Jirani yangu alikuja 1969 na sanduku moja, akalala bweni la kiwanda, watu wanne chumba kimoja, vitanda viwili shifti moja, viwili shifti nyingine. Anasema mwaka wa kwanza alijifunza maneno ya kijerumani ya aina tatu tu, ya kazi, ya mkate na ya kuomba radhi. Saivi wajukuu wake ni watu wa hapa, mmoja ni nesi. Msikiti mkubwa wa Marxloh, kaskazini ya mji, ulifunguliwa 2008, na ule mtaa wa Weseler Straße ambao ulikuwa unakufa umejaa maduka ya magauni ya harusi, watu wanatoka Uholanzi na Ubelgiji kuja kununua. Hawakupewa ule mtaa na mtu yeyote, waliukodi wakati hakuna anayeutaka.

Sasa nifike kwenye kile kitu kilichonifanya nikubali kusimama hapa leo. Mwaka 1951 Ujerumani ilipitisha sheria ya makampuni makubwa ya makaa na chuma, kwamba kwenye bodi ya usimamizi nusu ya viti ni vya upande wa wafanyakazi. Nusu! Siyo mjumbe mmoja wa kupiga makofi. Hawakupewa kwa huruma, chama chao kilitishia mgomo na wanachama walishapiga kura kuunga mkono. Ndio maana chuma kilipoanza kuyumba baada ya 1975, na migodi ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine, hapa Duisburg wa mwisho ulikuwa Walsum mwaka 2008, watu wengi hawakutupwa nje siku moja. Wazee walienda pensheni mapema, vijana wakahamishiwa kiwanda kingine, wengine wakasomeshwa kazi nyingine. Ilichukua miongo. Kuna wataalamu wanasema hiyo ilikuwa gharama kubwa na ilichelewesha mambo mapya, inawezekana, lakini mimi nawaangalia wazee wa mtaa wangu wanaokaa kwenye benchi jioni na pensheni yao wameshika mbwa au mjukuu, naona fedha ile ilifika ilipotakiwa kufika.

Lakini msidhani ilikuwa laini. Rheinhausen, 1987. Wafanyakazi wa Krupp walikuwa wameshakubaliana na uongozi mpango wa kupunguza ajira ili kiwanda kiokoke, wino haujakauka, mwisho wa Novemba wanasikia kiwanda kizima kinafungwa, watu kama 6,000. Jamani. Mtu ameshakubali mwenzake aondoke ili yeye abaki alafu unamwambia na wewe pia. Wakatoka. Tarehe 9 Desemba wakaingia mpaka Villa Hügel kule Essen, jumba la zamani la familia ya Krupp, bodi ikiwa ndani, kesho yake wakafunga barabara na madaraja na Ruhr nzima ikasimama, wachimba makaa na wao wakatoka kuwaunga mkono. Walipigana siku 160. Wake zao walikuwa na kamati yao, wanapika, wanasimama usiku getini kwenye baridi ya Januari kuzunguka moto wa pipa, wachungaji wakafanya ibada ndani ya kiwanda, Februari makumi ya maelfu ya watu wakajaa kwenye karakana ya kubana chuma kwa roli kubwa kusikiliza muziki. Lile daraja la Rhine la kwenda Rheinhausen walilibatiza Daraja la Mshikamano, na siyo jina la mtaani, limeandikwa hivyo kwenye ramani mpaka leo, mimi napita juu yake kila nikienda kazini. Mwezi Mei 1988 wakapata makubaliano, tanuru moja liendelee, hakuna wa kufukuzwa mikono mitupu. Kiwanda kikafungwa moja kwa moja 1993. Ukisema walishindwa, hujakosea, kiwanda hakipo. Ila walinunua miaka 5, na miaka 5 kwa mtu wa miaka 50 ni tofauti kati ya pensheni na kupanga foleni.

Kwenye uwanja ule ule, hekta kwa hekta, bandari ikanunua ardhi mwishoni mwa miaka ya 90 wakajenga eneo la maghala wanaloliita logport. Hapo ndipo nilipo mimi. Asubuhi nikifika kuna ukungu wa mto umelala kwenye reli, na nyuma ya maghala meupe yasiyo na dirisha utaona nyumba za matofali zenye bustani ndogo, ndio mtaa wa Margarethen, Krupp aliwajengea wafanyakazi wake kuanzia 1903. Nyumba zimebaki, kiwanda kimeondoka, na bado watu ndani yake wanaamka saa kumi usiku.

Bandari hii leo ndio kubwa kuliko zote za mtoni Ulaya, na wenyewe wanasema duniani. Na siyo bandari kavu ya kuletewa kontena kwa lori, meli zinafika kabisa, kutoka baharini Rotterdam ni kilomita 200 na ushee. Mkisimama ukingoni mtaona matishari 6 yamefungwa pamoja, mawili mawili kwa upana, boti moja nyuma inasukuma, yamejaa madini mekundu kutoka ng'ambo kwenda gati la kiwanda cha chuma pale Schwelgern. Kontena kwa mwaka ni kama milioni 4 ukihesabu kwa kipimo cha futi 20, majini, reli na lori pamoja. Mwaka 2011 ikaanza treni ya moja kwa moja kutoka Chongqing China, kama kilomita 11,000, wiki mbili hivi njiani, na Machi 2014 rais Xi Jinping alikuja mwenyewe hapa kuipokea moja. Nimezifungua kontena zile, laptopu, nguo, vipuri. Kuna wakati zilikuwa makumi ya treni kwa wiki.

Kwa hesabu ya vichwa utasema sawa, maelfu ya ajira zimerudi pale pale Krupp alipoondoka, na bandari inastahili sifa kwa hilo, wangeweza kuacha magugu. Ila muangalie karatasi mtu anayosaini. Baba wa Rheinhausen alisaini kiwandani, akawa na chama, akawa na watu wake kwenye bodi. Mimi miaka minne ya kwanza nilikuwa mtu wa wakala, foklifti ile ile, rafu zile zile, pembeni yangu mwenzangu aliyeajiriwa moja kwa moja analipwa zaidi kwa kazi ile ile, na mimi siku mzigo ukipungua napigiwa simu saa 3 usiku naambiwa kesho usije. Siku moja niliuliza ni nani anaamua nani apigiwe, msimamizi akaniambia hata yeye hajui, orodha inatoka kwenye kompyuta. Siwezi kusahau. Sikukasirika kwa sababu ya ile siku moja ya mshahara, nilikasirika kwa sababu hapakuwa na mlango wa kugonga. Baadae tukaunda baraza la wafanyakazi pale ghalani, ilituchukua miaka miwili, sasa simu ya saa 3 usiku hamna tena. Kwaiyo vijana, mkiajiriwa huku, hata kama ni kazi ya wikiendi ya mwanafunzi, swali la kwanza msiulize mshahara tu, ulizeni kuna baraza.

Mji wenyewe haujapona, tuseme ukweli. Baada ya 1975, walipounganisha Rheinhausen na Walsum na Homberg, ulikuwa na watu karibu 590,000, sasa ni kama laki 5. Wasio na kazi ni asilimia 12 hivi, mara mbili ya wastani wa nchi. Pale Bruckhausen, mtaa uliokuwa umebanana na ukuta wa kiwanda, walibomoa safu nzima ya nyumba za zamani wakaweka majani na miti kutenganisha watu na moshi, kwa afya ni jambo zuri, lakini nina rafiki alizaliwa kwenye nyumba mojawapo na kila tukipita na tramu ananionyesha kidole kwenye nyasi, hapa ndio jikoni kwetu. Na mwaka 2010, tarehe 24 Julai, mji uliotaka kuonekana mpya ulipokea tamasha la muziki la Loveparade kwenye uwanja wa zamani wa treni za mizigo, watu wakabanana kwenye njia ya kuingilia, vijana 21 wakafa. Kesi iliisha 2020 bila hukumu. Mkipita kwenye lile handaki la Karl-Lehr-Straße walikopita mtaona mishumaa na picha, tembeeni taratibu.

Na chuma chenyewe? Bado kipo, na bado ni kikubwa, Thyssen na Krupp waliungana 1999 na eneo lao la kaskazini ndio kiwanda kikubwa cha chuma Ulaya. Lakini kinatoa kama tani milioni 20 za hewa ukaa kwa mwaka, karibu asilimia 2.5 ya nchi nzima kutoka sehemu moja. Mpango ni kuondoa makaa na kutumia haidrojeni, yaani oksijeni iliyoko kwenye madini iondolewe na haidrojeni na kinachotoka kiwe mvuke wa maji, serikali kuu na ya jimbo zimeahidi kama euro bilioni 2, Tume ya Ulaya ikaruhusu 2023. Alafu Novemba 2024 kampuni ikatangaza kwamba nafasi 11,000 zitaondoka mpaka 2030, 5,000 zifutwe na 6,000 zihamishiwe makampuni mengine, na uwezo wa kuzalisha ushuke kutoka tani milioni 11.5 mpaka karibu 9. Septemba 2025 Jindal ya India wakaleta ofa ya kununua. Chuma cha bei rahisi kutoka China, umeme ghali, magari kidogo yanayotengenezwa, yote yamo. Na mto nao si wa kuaminika kama zamani, ukame wa 2018 maji ya Rhine yalishuka mpaka matishari yakawa yanabeba nusu, madini hayafiki, wakalazimika kupunguza uzalishaji. Mimi nimeangalia maandamano ya hawa watu wa chuma pale getini, jaketi nyekundu za IG Metall, chama cha wafanyakazi wa chuma, nikawaona wazee waliokuwa Rheinhausen 1987 wamekuja na mabango yao ya zamani, wamesimama na wajukuu. Nilisimama nao. Siyo kiwanda changu, ila wakipoteza wao zile nusu ya viti, sisi wa maghalani hatutazipata kamwe.

Basi, maneno yametosha, tukaone kwa macho. Tunaanza saa 8 mchana, tunachukua tramu 903 mpaka Landschaftspark, kile kiwanda cha Meiderich kilichojengwa 1901 na kufungwa 1985, mchora bustani Peter Latz hakukibomoa, alikiacha kisimame na miti ikaota katikati ya mabomba, kiingilio bure, tangi la gesi limejazwa maji na watu wanapiga mbizi ndani yake, na tanuru namba 5 tutapanda mpaka juu, kama mita 70, wenye kizunguzungu mtusubiri chini. Giza likianza tunahamia Alsumer Berg ukingoni mwa Rhine. Hicho kilima ni kifusi, chini yake palikuwa na kijiji cha wavuvi, Alsum, machimbo yakakizamisha na mabomu yakakimalizia, watu wa mwisho wakahamishwa miaka ya 60. Kutoka pale juu mtayaona matanuru yote mawili ya Schwelgern, na kila dakika chache mtaona wingu jeupe zito linapanda ghafla, hapo ndio wanamwagia maji kok iliyotoka kwenye jiko. Jirani yangu atakuwepo, amesema atakuja na chai ya termosi na atawaonyesha tanuru alilokuwa akilifanyia kazi. Kuna baridi kule juu, chukueni makoti.